Sura ya Sita: Kibali cha Nyumba Inayokuja kwa Lori

Katika jimbo la Florida, Marekani, nyumba inaweza kuidhinishwa kabla haijapata kiwanja. Michoro ya nyumba ya moduli, yaani ile inayotengenezwa kiwandani kwa vipande vikubwa kama vyumba kamili, hupelekwa kwa wakala anayetambuliwa na jimbo. Wakala huilinganisha na Kanuni za Ujenzi za Florida. Kisha mkaguzi huingia kiwandani wakati kuta zingali wazi, nyaya na mabomba yakionekana, na kila kipande kinachopita hubandikwa alama ya jimbo. Tangu hapo ofisi ya ujenzi ya kaunti haina ruhusa ya kubomoa ukuta ili ione kilichomo ndani.

Wauzaji huitangaza alama hiyo kwa nguvu, na wana haki, maana inaokoa muda mwingi. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu ardhi. Msingi, vifungo vya kuishikilia nyumba chini, mahali vipande vinapounganishwa, maji safi na maji taka, umeme, umbali kutoka mpaka wa jirani, kimo cha sakafu juu ya mafuriko: yote hayo yamo mikononi mwa kaunti au mji, na yanahitaji kibali chake. Katika nchi ya vimbunga, nusu hii ya pili ndiyo inayoamua kama nyumba itasimama, na ndiyo inayokwamisha wanunuzi wengi, kwa sababu waliianza safari kwenye duka la nyumba badala ya kuianza kwenye kiwanja.

Ukali wa kanuni hizi una chanzo chake. Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 1992, kimbunga Andrew kiliingia kusini mwa Miami. Katika mji wa Homestead zilikuwapo nyumba za kuhamishika 1,176. Zilizoharibiwa kabisa ni 1,167. Nyumba za kawaida nazo ziliumia vibaya, na wachunguzi walipopanda kwenye mabaki walikuta mbao za paa zilizopigwa pini ambazo hazikuigusa hata kenchi. Kanuni za wakati ule hazikuwa dhaifu mno zikisomwa kwenye karatasi. Kilichokosekana ni fundi kuzifuata na mkaguzi kupanda juu kuangalia. Wataalamu wa FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa, waliona pia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: nyumba za moduli zilistahimili kuliko nyumba nyingi za mbao zilizojengwa papo hapo. Vipande vilivyoungwa ubavu kwa ubavu vilifanya mwili mmoja mgumu. Si ajabu, kwa kuwa kipande kinachopaswa kuhimili barabara kuu na kuning'inizwa na kreni hujengwa kwa nguvu ya ziada.

Hapo ndipo msomaji atenganishe vitu viwili ambavyo kwa macho hufanana. Nyumba ya moduli hufuata kanuni zile zile za jimbo zinazofuatwa na nyumba ya kawaida. Nyumba ya kuhamishika hufuata kanuni za serikali kuu, chini ya wizara ya makazi iitwayo HUD. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1974 na viwango vikaanza kutumika tarehe 15 Juni 1976. Nyumba ya HUD ina fremu ya chuma chini yake na bamba jekundu la chuma kwenye kila sehemu inayosafirishwa. Huko Florida, usimamizi wa uwekaji wake uko chini ya idara ya usalama barabarani na magari, na fundi wa kuiweka lazima awe na leseni ya idara hiyo. Mtu anayeomba kibali bila kujua ananunua ipi kati ya hizi mbili atajaza fomu zisizo zake, na katika baadhi ya maeneo atakuta hata mpango wa matumizi ya ardhi unaikubali moja na kuikataa nyingine.

Baada ya Andrew, HUD iliandika upya kanuni za upepo, nazo zikaanza kutumika Julai 1994. Nchi iligawanywa katika kanda tatu. Kanda ya Pili hudai nyumba isanifiwe kwa upepo wa maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161. Kanda ya Tatu hudai maili 110, yaani kilomita 177, na humo zimo kaunti za kusini mwa Florida kama Miami-Dade, Broward, Monroe na Lee, pamoja na sehemu za pwani ya Louisiana na North Carolina. Nyumba ya Kanda ya Tatu yaweza kupelekwa Kanda ya Kwanza, lakini ya Kwanza haipelekwi ya Tatu. Kimbunga Charley kilipoingia Punta Gorda, Florida, mwezi Agosti 2004, tofauti ilionekana waziwazi: nyumba zilizotengenezwa baada ya 1994 zilibaki zimesimama katika viwanja ambamo zile za kabla ya 1976 zilikuwa vifusi.

Kuna karatasi ndogo ambayo mnunuzi wa nyumba ya HUD anapaswa kuitafuta kabla hajaulizia rangi ya makabati. Hubandikwa ndani ya nyumba, mara nyingi kwenye kabati la jikoni, kabati la nguo au karibu na swichi kuu ya umeme. Inaonyesha ramani ya kanda za upepo na kutaja nyumba hiyo ilisanifiwa kwa ipi. Mara nyingi huwa na onyo kwamba nyumba isiwekwe ndani ya futi 1,500 kutoka ufukweni, kama mita 457, katika Kanda ya Pili na ya Tatu, isipokuwa yenyewe, msingi wake na vifungo vyake vimesanifiwa kwa upepo mkali zaidi wa pwani. Anayetaka kuona bahari kutoka barazani anapaswa kulisoma onyo hilo kwanza.

Nyumba za moduli zina kipimo kingine. Tangu tarehe 1 Machi 2002 Florida nzima hutumia kanuni moja ya ujenzi, inayofanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitatu. Ndani yake kuna eneo lenye masharti makali kuliko yote, kaunti za Miami-Dade na Broward. Nyumba ya kawaida ya kuishi Miami-Dade husanifiwa kwa upepo wa maili 175 kwa saa, takriban kilomita 282. Broward ni maili 170. Takwimu hizi zisilinganishwe moja kwa moja na zile za HUD, kwa sababu njia za kupima upepo ni tofauti. Jambo la kukumbuka ni kwamba msukumo hukua kwa mraba wa kasi: upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake juu ya ukuta huwa mara nne. Na juu ya paa upepo huvuta kwenda juu. Ndiyo maana mkaguzi hufuatilia mnyororo mzima wa viungo, kutoka bati hadi kenchi, kenchi hadi ukuta, ukuta hadi sakafu, sakafu hadi msingi. Kiungo kimoja kikikosa mkanda wake wa chuma, vingine vyote havina faida.

Madirisha na milango pia. Vitu vingi vinavyopaa wakati wa kimbunga ni vipande vya nyumba za majirani, kwa hiyo katika eneo hilo dirisha hujaribiwa kwa kufyatuliwa ubao wa inchi mbili kwa nne wenye uzito wa ratili tisa, karibu kilo nne, kwa mwendo wa futi 50 kwa sekunde. Dirisha likitobolewa, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini huku ule wa nje ukilivuta. Bidhaa inayofaulu hupewa hati ya kukubaliwa na kaunti ya Miami-Dade. Kiwanda kilichoko Georgia au Alabama kinaweza kutengeneza nyumba nzuri sana ambayo haitapata kibali Miami kwa sababu tu madirisha yake hayana hati. Kubadilisha madirisha wakati nyumba imeshafungwa ni gharama ambayo mnunuzi hakuipangia.

Nimeuzungumzia upepo kwa kirefu, lakini maji huua watu wengi zaidi. FEMA huchora ramani za mafuriko, na kila kiwanja cha pwani kina herufi zake. AE ni eneo ambalo kwa mwaka wowote lina uwezekano wa asilimia moja wa kufurika hadi kimo kilichotajwa kwenye ramani. VE ni hilo hilo pamoja na mawimbi yanayopiga. Florida hudai sakafu ya nyumba iwe angalau futi moja juu ya kimo hicho. Katika VE msingi wa kuta hauruhusiwi. Nyumba hukaa juu ya nguzo zilizozamishwa ardhini, na kuta zozote zilizo chini yake lazima zivunjike zenyewe maji yapite. Mpima ardhi mwenye leseni ndiye anayetoa cheti cha mwinuko, na bila cheti hicho ruhusa ya kuhamia haitolewi. Fikiria sasa mtu aliyeagiza nyumba kwa bei ya kuiweka chini, kisha akagundua inapaswa kukaa mita tatu juu ya ardhi. Anahitaji mhandisi wa nguzo, kreni kubwa zaidi, ngazi, na hesabu mpya za upepo, kwa kuwa nyumba iliyoinuliwa hupigwa zaidi.

Maafa yenyewe huleta mtego mwingine. Katika maeneo hayo ya mafuriko, jengo likiharibiwa kiasi kwamba gharama ya kulirudisha inafikia asilimia 50 ya thamani yake, halitengenezwi tena lilivyokuwa, bali lazima lifuate kanuni za leo. Baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022 kanuni hiyo iliwakabili wenye nyumba wengi wa Lee, hasa wazee waliokuwa wakiishi katika nyumba kuukuu za kuhamishika zilizowekwa chini kabisa. Kanuni ni ya haki kwa usalama wao. Ni ngumu kwa mfuko wao, na serikali inayoidai inapaswa kuwasaidia kuitimiza.

Katika visiwa vya Florida Keys, kaunti ya Monroe, hata nyumba iliyokamilika kwa kila kipimo inaweza kungoja. Tangu 1992 kaunti hiyo huweka kikomo cha vibali vya makazi mapya kwa mwaka, na kikomo hicho kimefungwa kwenye swali moja: je, wakazi wanaweza kuondoka wote ndani ya saa 24 na nusu kimbunga kikikaribia? Visiwa vinategemea barabara kuu moja. Kila nyumba mpya huongeza magari juu yake. Naiona hii kuwa kanuni ya busara kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu inamhesabu mtu kabla ya kuhesabu misumari.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki si ngeni kwa vimbunga. Kimbunga kiliingia Lindi mwezi Aprili 1952. Kenneth kilipiga Komoro na Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2019. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Nyumba za paneli na za makontena zinauzwa sasa Dar es Salaam na Mombasa, na anayezinunua ana haki ya kumwuliza muuzaji nyumba imesanifiwa kwa upepo wa kasi gani na inashikiliwa ardhini na nini.

Kwa anayejenga Florida, mpangilio unaomfaa ni huu. Nenda kwanza kwenye ofisi ya kaunti na namba ya kiwanja chako. Uliza eneo la mafuriko, kimo cha sakafu kinachodaiwa, kasi ya upepo ya usanifu, na kama aina ya nyumba unayoitaka inaruhusiwa hapo. Mlipe mhandisi achunguze udongo na kuchora msingi. Majibu hayo yakiwa mkononi, ndipo uende kiwandani uyaweke mezani, na udai mkataba uyataje yote kwa maandishi, madirisha na hati zake yakiwemo. Muuzaji akikuhimiza ulipe malipo ya awali kabla ya hapo, ondoka utafute mwingine.