Diski Haijafa, Kompyuta Ndiyo Haikuitambua

Mjini Bariadi, kwenye stesheneri na vibanda vya mafundi wa kompyuta, kuna ujumbe wa aina mbili unaowatoa wateja jasho. Wa kwanza hutokea kwenye skrini nyeusi mara tu mashine inapowashwa: «error: unknown filesystem», na chini yake «grub rescue>». Wa pili ni kisanduku cha Windows kinachodai kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Katibu wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) ambaye hesabu za pamba za msimu mzima zimo humo, au mwalimu mwenye alama za wanafunzi wake, husikia jambo moja tu: diski imekufa. Fundi naye, akitaka kumaliza kazi kabla ya jioni, anapiga Windows upya. Hapo ndipo data inapopotea kweli.

Ujumbe huo, wa kwanza na wa pili, hausemi kwamba diski ni mbovu wala kwamba ni tupu. Unasema tu kwamba programu iliyoisoma haikutambua ilichokiona. Ili kuona ukubwa wa tofauti hiyo, tuangalie kinachotendeka katika sekunde chache za mwanzo baada ya kubonyeza kitufe cha kuwashia.

Diski ni mfululizo mrefu wa baiti na basi. Yenyewe haijui faili wala folda. Mpangilio huletwa na mfumo wa faili: Windows hutumia NTFS, flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, na Linux hutumia ext4, XFS au Btrfs. Kila mfumo una kanuni zake za kuandika majina, mahali faili linapoanzia na nafasi iliyo wazi. Ukisoma NTFS kwa kanuni za ext4, huambulii kitu.

Kwenye mashine za BIOS, ambazo bado ni nyingi miongoni mwa kompyuta zilizotumika, safari huanzia sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kubuti. Zinazofuata 64 ni meza ya patisheni nne, kila moja baiti 16. Mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha, 55 na AA. Programu ya baiti 446 haiwezi kubeba elimu ya mifumo yote ya faili, hivyo kazi yake ni kuita sehemu kubwa zaidi ya programu iliyohifadhiwa mbele kidogo.

LILO, programu ya kubuti iliyotumika sana kwenye Linux miaka ya 1990, ilikwepa tatizo hili. Haikujifunza mfumo wowote wa faili. Ilikariri namba za mahali kerneli ilipolala kwenye diski. Ukibadilisha kerneli ukasahau kuiendesha LILO tena, mashine haiwaki. GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, ilichagua njia nyingine: itafute mafaili kwa majina yake. Urahisi huo una gharama yake, kwa kuwa kabla ya kusoma faili lolote GRUB lazima kwanza itambue mfumo wa faili ulio mbele yake.

Utambuzi hufanywa kwa chapa. Mfugaji wa Meatu akifika mnadani hutazama chapa iliyochomwa kwenye mwili wa ng'ombe ajue katoka kwa nani. Programu nayo hutazama herufi au namba maalumu, mahali maalumu. NTFS huandika jina lake kuanzia baiti ya 3 ya patisheni. XFS huandika XFSB mwanzoni kabisa. Ndugu watatu ext2, ext3 na ext4 huweka namba EF53 kwenye baiti ya 1,080. Mfumo wa CD huweka CD001 kwenye baiti ya 32,769, na Btrfs huweka chapa yake mbali zaidi, baiti ya 65,600. GRUB huchukua moduli za mifumo ya faili ilizo nazo na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Ya kwanza kukubali ndiyo inayoaminiwa. Zote zikikataa, ndipo mfumo wa faili unapotangazwa kuwa haujulikani.

Njia hii hufanya kazi karibu kila siku. Inapokosea, hukosea kwa namna zinazoeleweka.

Ya kwanza ni msomaji kukosa elimu. Wakati GRUB inapowekwa, kiini chake hupewa moduli ya mfumo wa faili ule tu inaouhitaji ili kufikia folda yake yenyewe. Sasa mtu akiwa ndani ya Windows akafuta patisheni ya Linux ili apate nafasi, namba za patisheni zinaweza kubadilika. GRUB inaamka, inakwenda kwenye namba iliyoizoea, na inakuta NTFS yenye afya na picha zote za harusi. Kwa kuwa kiini hakina moduli ya NTFS, kinasema mfumo haujulikani.

Ya pili ni meza ya patisheni kusema jambo lisilotosha. Kila patisheni kwenye meza ya zamani ina baiti moja ya kutaja aina. Namba 07 hutumiwa na NTFS, na exFAT, na hata HPFS ya mfumo wa kale wa OS/2. Namba 82 ni eneo la swap la Linux, lakini Solaris nayo iliitumia. Meza mpya ya GPT ilileta vitambulisho virefu, ila kwa miaka kadhaa Linux ilitumia kitambulisho kilekile cha data za Windows, hadi kilipoundwa cha kwake mwaka 2011. Windows ikikutana na patisheni ya namna hiyo, hudhani ni mali yake. Ikiingia ndani isione NTFS wala FAT, humwomba mwenye mashine aifomati. Akibonyeza ndiyo, ext4 iliyokuwa nzima inaandikwa juu.

Ya tatu ni chapa ya zamani iliyobaki. Flashi iliyowahi kuandikiwa faili la ISO la kusimikia Linux hubeba CD001 kwenye baiti ya 32,769 ya flashi nzima. Baadaye mwenye flashi anatengeneza patisheni mpya na kuifomati kwa FAT32. Kwa kawaida patisheni hiyo huanzia baiti ya 1,048,576, na kufomati hugusa kuanzia hapo kwenda mbele. CD001 inabaki nyuma, haijaguswa. Programu inayotazama flashi nzima itasema ni CD. Inayotazama patisheni itasema ni FAT32. Maktaba ya libblkid, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea inapowaka, ikiona chapa mbili zinazopingana hukataa kuchagua.

Ya nne ni chapa fupi mno. Mfumo wa Minix, uliotumiwa na Linux katika siku zake za mwanzo, una chapa ya baiti mbili tu kwenye baiti ya 1,040. Mahali hapohapo ext4 huandika idadi ya nafasi za mafaili mapya zilizobaki. Namba ya Minix, 137F kwa heksadesimali, ni sawa na 4,991 kwa hesabu ya kawaida. Diski ya ext4 ikibakiwa na nafasi 4,991, au 70,527 ambayo huishia na baiti hizohizo mbili, huonekana kama Minix. Ukiunda faili jingine moja, idadi inapungua na ugonjwa unapona wenyewe. Ndiyo maana libblkid, kabla ya kutangaza Minix, hutazama kwanza kama kuna EF53 kwenye baiti ya 1,080.

Ya tano ni chapa kujulikana huku mambo ya ndani yakiwa mageni. Februari 2023 zana za kutengeneza ext4, toleo la 1.47.0, zilianza kuwasha kipengele kiitwacho metadata_csum_seed bila kuulizwa. GRUB 2.06 ya mwaka 2021 haikukifahamu. Iliiona EF53 vizuri, ikakuta alama ya kipengele kigeni, ikarudi nyuma kwa usalama. Mtumiaji akasoma ujumbe uleule wa mfumo usiojulikana kwenye diski iliyofomatiwa dakika chache kabla. Dawa ilikuja rasmi na GRUB 2.12, Desemba 2023.

Mashine mpya za UEFI zimepunguza ubashiri katika hatua ya kwanza: kiwango chake kinataka patisheni ya kubutia iwe FAT, na mashine husoma faili humo moja kwa moja. Lakini baada ya hatua hiyo GRUB huingia kazini na kubashiri kama zamani.

Fundi afanye nini basi? Kwanza, asiandike chochote kwenye diski. Pili, awashe mashine kwa flashi ya Linux, kisha aendeshe amri ya lsblk -f aone kila patisheni imetambuliwa kuwa nini. Amri ya wipefs ikifuatwa na jina la patisheni tu huorodhesha chapa zote bila kugusa kitu. Ikiongezewa -a inazifuta, kwa hiyo herufi hiyo isiandikwe kwa mazoea. Tatu, kwenye grub rescue, ls huonyesha patisheni zilizopo. Ikipatikana yenye folda ya GRUB, amri za set, insmod na normal hutosha kuiwasha mashine bila kufomati. Nne, kama data ni ya thamani, achukue kwanza nakala ya diski nzima kwa ddrescue, kisha aifanyie kazi nakala hiyo. TestDisk ya Christophe Grenier, ambayo haiuzwi, hutafuta patisheni zilizopotea kwa kufuata chapa hizihizi.

Kwa mteja ushauri ni mfupi zaidi. Fundi akikwambia diski imekufa, muulize: umeona chapa gani, na umetumia programu ipi kuisoma? Akishindwa kujibu, bado hajachunguza. Chukua mashine yako umpelekee mwingine, hata ikibidi kupanda basi kupitia Lamadi hadi Mwanza, kwa maana nauli ni nafuu kuliko hesabu za msimu mzima. Diski ikishafomatiwa na kuandikwa upya, hakuna fundi wa Bariadi, Mwanza wala Dar es Salaam atakayekuahidi kurudisha yote.