Baba hahojiwi, Mwalimu huulizwa

Kila ifikapo Oktoba 14, simu zetu hujaa sauti ya mtu mmoja. Tangu alfajiri makundi ya WhatsApp yanarushiana vipande vya hotuba za Mwalimu Julius Nyerere, aliyetutoka London mwaka 1999. Mwana-CCM anatuma kile cha umoja. Mpinzani anatuma kile cha mwaka 1995, Mwalimu alipokuwa akionya kuhusu nyufa katika nyumba yetu na akikisema chama chake mwenyewe bila kukionea haya. Anayechukizwa na rushwa ana kipande chake, na anayeogopa udini ana chake. Siku inakwisha kila mtu ameegemea mgongo wa mzee yuleyule.

Kijiweni Kariakoo, kwenye kahawa chungu na kashata, niliwahi kushuhudia watu wazima wawili wakikaribia kushikana mashati juu ya muundo wa Muungano, na wote wawili walimtaja Mwalimu. Sikuwashangaa, kwa sababu Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014 lilifanya vilevile. Watetezi wa serikali mbili walikumbusha jinsi Mwalimu alivyoizima hoja ya Serikali ya Tanganyika iliyopita bungeni mwaka 1993. Waliotaka serikali tatu walisimama nyuma ya rasimu ya Jaji Joseph Warioba, mtu aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Mwalimu mwenyewe. Walichobishania ni nani kati yao mwana halali wa mzee. Muundo wenyewe, faida yake na gharama yake, ulipata nafasi ndogo.

Nadhani shida inaanzia kwenye jina tulilompa. Tumemwita Baba wa Taifa, na kwetu baba hahojiwi. Baba akikosea, mama huwanyamazisha watoto, na majirani huambiwa nyumba ni salama. Akifa, yanasemwa mema yake tu. Heshima hiyo ni nzuri msibani. Lakini nchi inayoikumbuka serikali yake ya kwanza kwa adabu ya msibani hubaki na picha moja ukutani, na wengine wote waliokaa naye barazani wanageuka kuwa watoto wake au wageni wake.

Wakati TANU, chama cha kupigania uhuru, inazaliwa Julai 7, 1954, hapakuwa na baba. Palikuwa na watu kumi na saba, na palikuwa na African Association iliyoanzishwa tangu 1929, ambayo Kleist Sykes alikuwa mmoja wa waasisi wake. Wanawe, Ally na Abdulwahid, ndio waliochukua kadi za TANU namba 2 na namba 3. Kadi namba 1, ya Mwalimu, tunaijua sote.

Halafu akaja Bibi Titi Mohamed. Hapa naomba nikawie kidogo, maana kila nikimfikiria moyo unanigota. Alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam asiye na elimu kubwa ya shule, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. TANU ilipotaka wanawake, hakuwatafuta maofisini. Aliwafuata kwenye vikundi vya ngoma, kwa wapika pombe, kwa mama ntilie, akawaandikisha kwa maelfu. Wasomi wengi wa wakati ule walikuwa watumishi wa serikali ya mkoloni na walikatazwa siasa. Aliyebaki huru kusema ni yule asiye na mshahara wa kupoteza, na yeye akasema. Tukiuliza TANU ilipataje kuwa chama cha watu badala ya klabu ya walimu na makarani, sehemu kubwa ya jibu iko kwa mama huyu.

Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, likamkataza kiongozi kupangisha nyumba, naye akajiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Katika kesi ileile alitajwa Oscar Kambona, katibu mkuu wa kwanza wa TANU, ambaye tayari alikuwa uhamishoni na hakurudi mpaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa.

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, mambo ni mazito zaidi. Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa visiwa hivyo, yumo kwenye sarafu ya shilingi 500, na kila Aprili 7 tunakumbuka alivyopigwa risasi Kisiwandui mwaka 1972. Kuna familia Unguja zinazomshukuru hadi leo kwa ekari tatu za shamba na kwa majumba ya Michenzani. Kuna nyingine ambazo hazijawahi kuonyeshwa kaburi la ndugu yao. Abdallah Kassim Hanga alikuwa makamu wa rais wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1969 alirudishwa Zanzibar kutoka Bara, akauawa. Naye ni mwasisi. Hana sarafu, na sijawahi kupokea kipande cha sauti yake kwenye simu.

Sisemi haya kumshusha Mwalimu. Namheshimu kuliko kiongozi yeyote niliyewahi kumsikia, na nimemlilia. Ila alipenda kuitwa Mwalimu, na mwalimu huulizwa maswali. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe alisahihisha daftari lake hadharani. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, aliandika tathmini akataja yaliyoshindikana bila kuyafunika. Baadaye alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilitumika katika utawala wake, na mamilioni walihamishwa kwenda vijijini wengine wakiacha nyumba zikibomolewa nyuma yao. Mtu aliyeweza kukiri makosa yake akiwa hai hahitaji sisi tumfichie akiwa kaburini.

Wengi wa Watanzania wa leo hawakuwa wamezaliwa alipong'atuka mwaka 1985. Wanamjua kwa noti ya shilingi elfu moja, kwa uwanja wa ndege na bwawa la Rufiji vyenye jina lake. Wanaambiwa wawaenzi waasisi, lakini hawasimuliwi waasisi walivyogombana, nani alimfunga nani, na kwa hoja ipi.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alinishusha Mnazi Mmoja. Nikamwonyesha kibao cha barabara, nikamuuliza kama anamjua Bibi Titi.

"Si mke wa rais wa zamani, mzee?"

Nikamweleza kwa kifupi, nikiwa bado natafuta chenji: ngoma, TANU, wanawake wa Dar, ile kesi. Nilidhani ana haraka ya abiria mwingine. Akazima pikipiki, akavua helmeti.

"Sasa mzee wangu, kama yeye ndiye aliyewaleta watu, kwa nini walimfunga?"