Mtunzi, Matini au Dadu?

Wenzangu, suala la kusudio la mtunzi haliishii kwenye riwaya. Limo pia katika Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya vijisanamu vinavyosogezwa mezani, uliotoka Uingereza mwaka 1987. Sheria ikiwa tata, wapo wanaong'ang'ania maneno yalivyoandikwa, na wapo wanaouliza mtunzi alikusudia nini. Wimsatt na Beardsley walishasema mwaka 1946 kwamba kusudio si kipimo cha kazi. Sawa, lakini maneno yenyewe yakibeba maana mbili je? Toleo la 2012 linajibu: tupeni dadu, 1 hadi 3 maana yako, 4 hadi 6 yangu, mchezo uendelee. Mchezaji hana budi kuamua papo hapo. Sisi wahakiki hatuna haraka hiyo; maana zote mbili zaweza kusimama. Kwa hiyo, anayelazimisha maana moja kwenye shairi tata atuonyeshe ushahidi. La sivyo, naye katupa dadu tu.