Umechoka kupiga vipande vile vile kwenye piano? Soma hapa

Wadau, mwaka mzima nilikuwa napiga vipande vitatu tu kwenye piano ya kanisani, mpaka nikataka kuacha. Kumbe tatizo halikuwa vidole, nilikosa nota mpya. Nimeona niwamegee nilichojifunza.

Kwanza, ingia IMSLP, maktaba ya nota iliyoanza 2006. Kazi za watunzi waliofariki zamani unapakua bure, unachapa kurasa unazohitaji tu.

Pili, tafuta kitabu chenye ngazi. Mfano Prelude za Chopin, opus 28, zilizotoka 1839. Zipo 24. Namba 7 ina bari 16 tu. Namba 4, mkono wa kushoto unarudia kordi zinazobadilika nota moja moja: kusoma rahisi, kupiga kwa upole ndio kazi. Namba 16 ni mbio tupu, iache kwanza.

Tatu, pima kabla hujazama. Piga mkono mmoja mmoja, taratibu. Ukikwama kila bari, bado mapema. Usipokwama popote, hakikufundishi kitu. Kinachokufaa ni kile kinachokukwamisha sehemu mbili tatu.

Halafu jamani tusiishie Ulaya. Mnigeria Akin Euba (1935-2020) aliitungia piano muziki unaoifanya iongee kama ngoma za Kiafrika. Kazi zake bado zina hakimiliki, ila kamsikilize.

Mimi nilianza na namba 4, na piano sijaiacha. Nyie wenzangu mnahangaika na kipande gani?