Je, Wajua? Mkono Begani kwa Mwimarishwa

Sogea kidogo, nami nikae. Umeombwa kuwa msimamizi wa Kipaimara hapa Kumsenga, Kigoma? Hongera! Basi nikudokeze mawili matatu kabla Baba Askofu hajafika.

Likate jina lenyewe vipande: ki-pa-imara, kitu kinachokupa uimara. Ukivuka mpaka kwenda Burundi utasikia Ugukomezwa, kuimarishwa. Kilatini nacho? Confirmatio, yale yale!

Na hili je? Krisma, yale mafuta matakatifu, inapakwa kwenye paji la uso, na mwimarishwa anapokea paji la Roho Mtakatifu. Neno moja, kazi mbili! Mapaji ya Roho ni 7, la uso ni moja tu. Nimesali kwa Kiswahili tangu utoto, na hili nimeligundua juzi.

Kwa kawaida msimamizi sharti awe ametimiza miaka 16. Sasa piga hesabu: Mtakatifu Kizito, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886, alikuwa na miaka kama 14. Altareni sanamu yake ipo, ila kwa sheria ya leo usimamizi angeukosa!

Mama mzazi je, anaweza kumsimamia mwanawe? Hawezi. Baba? Naye hawezi! Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 874, imewafungia mlango wote wawili. Lakini bibi ruksa, mjomba ruksa, hata jirani mnayepalilia naye maharage ruksa, mradi ni Mkatoliki, ana Kipaimara, amepokea Ekaristi na mwenendo wake unaeleweka.

Shika benchi, maana hapa pana kioja. Sheria ya mwaka 1917 ilisema msimamizi wa Kipaimara asiwe yule wa Ubatizo. Ibada mpya ya mwaka 1971 ikageuza: yule yule wa Ubatizo ndiye anayefaa zaidi! Babu na mjukuu wakibishana juu ya hili nyumbani, wote wawili wana haki.

Na kabla ya hiyo ya 1917? Mwanamume akimsimamia kijana, hakuruhusiwa kumwoa mama wa kijana huyo, hata kama mama ni mjane! Kanisa liliwahesabu kuwa ndugu wa kiroho. Mkono mmoja begani, posa imekufa.

Begani, nimesema? Ndiko msimamizi wa leo anakoweka mkono. Zamani kitabu cha ibada cha maaskofu kilitaka mwimarishwa mkubwa aweke mguu wake juu ya mguu wa kulia wa msimamizi. Ndiyo, amkanyage! Watoto wachanga walibebwa kwenye mkono wa kulia. Wewe wa leo una bahati, viatu vyako vitarudi nyumbani vinang'aa.

Halafu kulikuwa na kofi. Hadi mabadiliko ya 1971, askofu alimgusa kila mwimarishwa shavuni kwa kofi jepesi. Waulize wazee wa Kasulu, uone watakavyoshika shavu wakicheka.

Unafikiri darasa la Kipaimara ni refu? Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alizaliwa tarehe 7 Septemba 1533, na tarehe 10 alikwisha kubatizwa na kupewa Kipaimara. Siku 3 tu! Na Waorthodoksi wa Ethiopia hadi leo humpaka mtoto mafuta siku ile ile ya ubatizo: wa kiume siku ya 40, wa kike siku ya 80.

Krisma ni mafuta ya mzeituni yaliyochanganywa na manukato. Lakini kanuni ya 847 inaruhusu pia mafuta ya mimea mingine. Ndugu zangu wa Kigoma, taratibu, msianze kuitazama michikichi!

Ulipata Kipaimara jimboni Kigoma kati ya mwaka 2008 na 2012? Kakitafute cheti. Askofu wa jimbo miaka ile alikuwa Protase Rugambwa, na mwaka 2023 Papa Fransisko alimfanya Kardinali. Huenda kidole kilichokupaka sasa ni cha Kardinali, na wewe unaficha cheti chini ya godoro!

Jina lako nawe litaandikwa. Kanuni ya 895 inataka kitabu kitaje mwimarishwa, wazazi, wasimamizi, aliyetoa sakramenti, mahali na tarehe. Wajukuu zako watakukuta humo.

La mwisho, usikasirike: sheria inasema msimamizi awepo "kadiri inavyowezekana". Asipokuwepo, Kipaimara ni halali vilevile! Lakini wewe upo, na foleni imeanza kusogea. Mkono wa kulia, bega la kulia. Ila kaunawe kwanza, tafadhali: shati la mtoto ni jeupe, na hilo vumbi jekundu ulilokuja nalo kwa bodaboda litamwachia vidole vitano begani, na picha itapigwa.