Kuandika Dokezo kwa Kompyuta: Sekunde Hupotelea Wapi?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yahusu biashara, lakini yafaa pia kwa mawazo. Mwalimu anayesahihisha madaftari huweza kung'amua ghafla chanzo cha kosa linalorudiwa na darasa zima. Mwanafunzi asomaye fizikia huweza kuzukiwa na swali ambalo hajapata kulifikiria. Wazo la namna hii lisipoandikwa papo hapo, aghalabu hutoweka. Siku hizi watu wengi huliandika kwa kompyuta, wakitumia kihariri matini, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia maandishi. Je, tangu wazo lizuke hadi herufi ya kwanza ya dokezo iandikwe, sekunde ngapi hupita, nazo hutumika kwa kazi gani?

Kumbukumbu ya muda mfupi

Mwaka 1959 wanasaikolojia Lloyd Peterson na Margaret Peterson wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio rahisi. Mtu alipewa konsonanti tatu azikumbuke, kisha akatakiwa kuhesabu kwa kurudi nyuma, tatu tatu, ili asipate nafasi ya kuzikariri. Baada ya sekunde 3 konsonanti hizo zilikumbukwa mara nyingi. Baada ya sekunde 18 zilikumbukwa karibu mara moja tu katika kila mara kumi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu ya usahaulifu huo husababishwa na kuchanganyika kwa mambo yaliyokaririwa kabla, wala si kupita kwa muda peke yake. Hata hivyo funzo limebaki: akili ikishughulishwa na kazi nyingine, jambo ambalo halijaimarika huponyoka. Kutafuta faili katika kompyuta ni kazi nyingine ya namna hiyo.

Kupunguza kazi ya vidole

Jitihada za kupunguza idadi ya vitufe vinavyobonyezwa si ngeni. Mwaka 1976 Bill Joy, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika kihariri kiitwacho vi. Kutoka nyumbani kwake alifikia kompyuta ya chuo kwa njia ya simu iliyopitisha herufi 30 hivi kwa sekunde. Kioo chenye mistari 24 ya herufi 80 kina nafasi 1,920. Kukijaza chote kulichukua sekunde 64. Katika hali hiyo haishangazi kwamba amri za vi ni herufi moja au mbili tu: x hufuta herufi, dd hufuta mstari mzima.

Lakini je, vidole ndivyo vinavyochukua muda mwingi? Jibu lilitolewa mwaka 1980 na Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, waliobuni njia ya kukadiria muda wa kazi ya kompyuta kwa mtu aliyeizoea na asiyefanya kosa. Waliigawa kazi katika vitendo vidogo, kila kimoja na muda wake wa wastani:

K, kubonyeza kitufe: sekunde 0.28 kwa mpiga chapa wa kawaida;
P, kuelekeza kipanya mahali kwenye kioo: sekunde 1.10;
H, kuhamisha mkono kati ya vitufe na kipanya: sekunde 0.40;
M, kujiandaa akilini kabla ya kutenda: sekunde 1.35.

Mfano wa hesabu

Tuseme mtu anatumia kipanya kufungua kihariri, kufungua orodha ya mafaili, kuchagua faili na kuonyesha mahali pa kuandika. Hivyo ni vituo vinne, na kila kimoja huhitaji M, P na K, yaani sekunde 2.73. Vyote pamoja ni sekunde 10.92. Kuhamisha mkono kwenda na kurudi ni sekunde 0.80. Tarehe yenye alama kumi, pamoja na M moja, ni sekunde 4.15. Jumla ni sekunde 15.87, bila kuhesabu muda ambao kompyuta yenyewe humngojesha mtu.

Njia ya pili yaonekana katika Org, programu ya madokezo iliyoanzishwa mwaka 2003 na mwanafalaki Carsten Dominik wa Amsterdam, itumikayo ndani ya kihariri Emacs. Mtumiaji akiwa katika kihariri hicho hutoa amri fupi, kisha herufi moja ya kutaja aina ya dokezo. Programu iliyokwisha kutayarishwa hutia tarehe yenyewe na kulipeleka dokezo katika faili lililopangwa. Vitufe vinne na M mbili hufanya sekunde 3.82.

Tofauti ni sekunde 12.05. Kati ya hizo, vitufe kumi vilivyopunguzwa vimeokoa sekunde 2.80 tu, ambazo hazifiki robo. Sekunde 5.20 zimeokolewa kwa kuacha kipanya, na 4.05 kwa kupunguza maamuzi matatu. Tena maamuzi hayo ndiyo yanayoishughulisha akili wakati ule ule inapojaribu kulishika wazo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kutengeneza njia ya mkato lisiwe "nibonyeze vitufe vingapi?" bali "nilazimike kuamua mambo mangapi?" Swali la kuwa dokezo ni la somo gani laweza kungoja jioni.

Vifupisho navyo

Vi na Emacs huruhusu mtu kuweka vifupisho vinavyopanuliwa na kompyuta yenyewe. Kipimo kile kile chaonyesha kipi kina faida. M moja ni sawa na vitufe vitano hivi, kwa kuwa 1.35 ikigawanywa kwa 0.28 hutoa 4.8. "Baraza la Mitihani la Taifa" lina alama 27 pamoja na nafasi. Likifupishwa kuwa "bmt" huokoa vitufe 24, sawa na sekunde 6.72. Lakini "katika" likifupishwa kuwa "kt" huokoa vitufe vinne, yaani sekunde 1.12. Ikiwa mtu hutua kidogo kukumbuka kifupisho, amepata hasara. Faida huja pale tu mkono unapokizoea hata akili isiulizwe.

Matayarisho nayo yana gharama. Mtu anayeandika madokezo kumi kwa siku huokoa dakika mbili hivi kwa njia ya pili. Akitumia saa moja kuitayarisha, atairudisha baada ya mwezi mmoja. Akitumia siku nzima kupamba programu yake, itamchukua miezi mingi kurudishiwa muda huo.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kupima K zao wenyewe. Mmoja achape aya yenye alama 200, mwenzake apime muda kwa saa. Muda huo ukigawanywa kwa 200 hutoa wastani wa kila kitufe. Kisha wafanye hesabu ya hapo juu upya kwa tarakimu zao, wachunguze kama uamuzi bado ni ghali kuliko kitufe.

Shule isiyo na kompyuta haikosi funzo hili. Kijidaftari kimoja kikaacho mfukoni, penseli ikiwa imefungwa kwa uzi, na ukurasa mmoja wa kuandikia kila kitu kabla ya kukipanga, hufuata kanuni ile ile: maamuzi yafanywe kabla wazo halijaja, au baada ya kuandikwa, wala si wakati wa kuliandika.