Okidi Haifi kwa Kiu

Saa kumi za alasiri, mwezi wa Novemba, wingu linashuka kutoka milimani na kwa nusu saa barabara za mtaa wa Rohero, Bujumbura, zinageuka mito. Vyungu vya okidi vilivyopangwa uani vinaipokea mvua hiyo yote. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba anatoka na kopo lake, anamwagilia tena, kwa kuwa siku ya kumwagilia imefika. Okidi nyingi za Bujumbura huanza kufa hapo.

Na kifo chenyewe kinadanganya. Majani yanalegea na kukunjamana kama ya mmea wenye kiu, basi mmea unaongezewa maji.

Kumbe okidi nyingi za kwenye vyungu si mimea ya udongoni. Phalaenopsis, ile ya maua mapana kama mbawa za kipepeo, asili yake ni misitu ya Asia ambako hung'ang'ania magome ya miti. Ansellia africana, ya manjano yenye madoa kama ya chui, huishi vivyo hivyo juu ya miti ya Afrika Mashariki. Huko juu mvua hupiga, maji hutiririka, upepo hukausha. Mzizi wa okidi hizi umevikwa ganda la seli zilizokufa, lenye vitundu kama sifongo, linalofyonza maji kwa dakika chache tu. Likikauka huwa la kijivu cha fedha. Likilowa, ukijani wa ndani hujitokeza. Anayetaka kujua kama chungu kimekauka hahitaji kalenda: aangalie mizizi ya juu, halafu achomeke kidole ndani, kwa sababu juu hukauka mapema.

Mzizi uliozama siku nyingi mfululizo hukosa hewa na kuoza. Mzima ukibonyezwa ni mgumu. Uliooza hubonyea, hutoa maji ya kahawia, na ganda lake likivutwa huchomoka lote na kuacha uzi mwembamba kama waya.

Ndiyo maana udongo wa bustani haufai. Vipande vya makaa, matofali ya kuchoma yaliyopondwa na makumbi ya nazi hupitisha maji na hewa, na makaa hayakosekani sokoni. Sahani chini ya chungu iondolewe. Miezi ya mvua, takriban Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei, pahala pazuri ni barazani, chini ya paa lakini penye upepo. Phalaenopsis huinamishwa kidogo ubavu, maji yasitulie katikati ya majani. Yakilala humo usiku kucha, moyo wa mmea huoza. Kwa sababu hiyohiyo, kumwagilia ni asubuhi.

Halafu kuna maji yenyewe, jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwezi kumwambia mkazi wa mtaa wa Kinindo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini, yanayosambazwa na REGIDESO, hutoka Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina magadi kiasi, pH yake ni karibu 9, na madini yaliyoyeyuka humo ni mengi kuliko ya mvua kwa mbali. Kuchuja na kutia klorini hakuyaondoi. Chungu kinachonyweshwa maji hayo miezi mingi huota ukoko mweupe ukingoni, na ncha za mizizi huungua. Hakuna haja ya kuyasusa. Inatosha kukisuuza chungu mara kwa mara kwa maji ya mvua.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwani inaosha vumbi lote la mabati. Zinazofuata zikingwe, na pipa lifunikwe vizuri, mbu wasije wakazaana humo. Juni hadi Agosti hainyeshi, na vyungu hukauka haraka. Hata hivyo hesabu si kubwa: vyungu sita, nusu lita kila kimoja, kila siku ya tatu, ni chini kidogo ya lita 100 kwa miezi hiyo mitatu. Bidoni tano za lita 20 zilizojazwa mwezi wa Aprili zinafika Septemba.